Gauni la Mtaa na Magome ya Miwati

Mwaka jana mjukuu wangu alininunulia mashine ya kufulia. Aliileta na gari, akaisimamisha jikoni, akasema, "Bibi, unabonyeza hapa, halafu unakwenda zako kupumzika." Nikabonyeza. Ikanguruma, ikazunguka, ikatetemeka mpaka vikombe vikagongana kabatini. Ilipomaliza nikatoa shati la babu yenu, nikatazama kola. Chafu vile vile! Nikachukua sabuni ya mche, nikaenda nalo uani nikalifua kwa mikono yangu. Mjukuu wangu alinuna siku mbili.

Sasa nyie mliozaliwa na vitufe, kaeni kitako niwasimulie udobi ulivyokuwa Njombe wakati wa Mwingereza. Na msinikatize na simu zenu hizo.

Mimi Lea nilitoka kwetu upande wa Igwachanya nikiwa msichana mkubwa tu, nikaja kukaa kwa Shangazi Marta, dada yake baba. Msiniambie kwamba Njombe ile ilikuwa kijiji. Kwa mtu aliyetoka kwenye mashamba ya viazi, ilikuwa jiji. Kulikuwa na maduka, boma, lori zinapita, na watu wanaosalimiana Kiswahili kwa sababu huyu Mbena, yule Mkinga, na yule pale Mpangwa. Baba alinipa sharti moja nilipoondoka. Alisema, "Ukileta aibu mjini, siku hiyo hiyo unarudi kushika jembe." Na Shangazi Marta alikuwa mtu wa kutimiza sharti la kaka yake bila kupepesa macho. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, na kiongozi wa akina mama wa mtaa mzima.

Mtaa wetu ulikuwa safu mbili za nyumba za matofali zilizogeuziana migongo, katikati ua mmoja mrefu. Ua ule ndio uliokuwa sebule yetu. Bomba moja, kamba tatu za kuanikia, na kila nyumba ina siku yake ya kamba. Ole wako uanike siku ya mwenzio! Watu walisoma kamba kama mnavyosoma hizo simu. Shati za mume fulani zisipoonekana wiki nzima, jioni akina mama wanapitapita kwa mkewe kuomba unga kidogo, au moto kidogo, kumbe wanataka kujua kulikoni. Nepi zikianza kuanikwa, kila mtu anajua. Shuka mpya ikianikwa, kila mtu anaigusa. Hakukuwa na siri ila ile iliyovaliwa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Athumani, mtu wa Tanga. Aliletwa Njombe na bwana mmoja wa Kizungu kumfulia nguo. Yule bwana akahamishwa, Athumani akabaki, akisema baridi imeshamzoea na haifai kuisumbua. Akafungua kibanda cha udobi mwisho wa ua wetu. Nilimkuta mgongo umeanza kumgomea, hawezi kuinama kwenye karai. Siku moja aliniona nikipiga pasi kitambaa cha kichwa cha Shangazi, akasimama mlangoni akaniangalia.

"Binti, nani kakufundisha kuanza na pindo?"

"Hakuna. Nimeona tu nikianza katikati pindo linajikunja."

"Wallahi, kesho uje kibandani," akasema, akaenda zake.

Watu walicheka kweli kweli. Dobi mwanamke! Nguo zile zile, sabuni ile ile. Mwanamke akifua, hiyo ni shughuli ya nyumbani. Mwanamume akifua, huyo ni dobi na anaheshimiwa. Hata Shangazi alikubali kwa shingo upande, akaniambia, "Ukiharibu nguo ya mtu hata moja, sitaki maelezo. Nakufungia mzigo wako."

Basi nikajifunza. Pwani wanatia nguo wanga wa muhogo, lakini kwetu muhogo uko wapi? Tulitumia viazi. Unakwangua viazi mviringo kwenye maji, unachuja, unaacha mpaka ule weupe utue chini, unamwaga maji ya juu. Huo weupe ukiupika kidogo, kola inasimama mpaka mwenyewe anaona shida kugeuza shingo. Mkaa wa pasi tulitaka wa muwati, ule mti uliojaa vilima vyetu, kwa sababu haurushi cheche. Pasi usiitemee mate kama wahuni, Mzee Athumani alichukia hilo. Isogeze karibu na shavu. Shavu likisema toa, bado ni kali mno. Likisema afadhali, piga. Shati anza kola, kisha mabega, kisha mikono, mgongo mwisho. Na mfukoni ukikuta kitu, kirudishe kwa mwenyewe mkononi, usimpe mkewe. Hilo la mwisho liliokoa ndoa nyingi mtaani kwetu kuliko mahubiri.

Kilichotushinda ni hali ya hewa. Mwezi wa sita na wa saba Njombe, mnajua wenyewe. Ukungu unakaa mpaka saa tano, nguo zinakaa kambani siku tatu zikinuka kama mbwa aliyenyeshewa. Na usiku ukisahau nguo nje, asubuhi umekuta barafu. Mara moja nilisahau suruali ya karani wa boma, ile ya kaki. Alfajiri nikaikuta imekuwa ngumu kama ubao. Nikaitoa kambani, nikaiegemeza ukutani ikiwa imesimama kwa miguu yake miwili, koti lake nikalitundika juu yake kwenye msumari, nikaenda kuwasha moto. Ukungu mzito. Shangazi akapita na ndoo yake.

"Kamwene," akasalimia.

Kimya.

"Kamwene, Karani!"

Kimya.

Akaja mpaka mlangoni pa kibanda amefura. "Huyu karani siku hizi ana kiburi! Namsalimia mara mbili ananipa mgongo!" Nikakaa chini nashika mbavu. Alipojua ni suruali, alinikataza kulisema jambo lile. Nimemtii mpaka alipofariki, Mungu amrehemu, na leo nimelisema.

Msidhani nilikuwa hodari tangu mwanzo. Mwezi wa kwanza tu niliunguza mkono wa shati la mwalimu. Alama ya pasi, nzima, kama imechorwa. Nikataka kuliweka chini ya mzigo ili alikute nyumbani. Mzee Athumani akaliona. Hakunigombeza. Aliniambia hivi: "Nguo ikiharibika, mwenyewe asikie kwa mdomo wako kabla hajaona kwa macho yake. Akiona kwanza, umemharibia nguo na tena umemwibia." Akanituma niende mwenyewe. Nilitembea mpaka shuleni nimelishika mkononi. Mwalimu akalitazama lile shati, akacheka, akasema ule mkono ulioungua atakata, na wa pili aukate ulingane nao, alikuwa anatamani shati la mikono mifupi siku nyingi. Nikarudi nikirukaruka.

Ningekumbuka somo lile siku ya gauni, nisingekuwa na hadithi hii ya kuwapa.

Gauni lenyewe lilikuwa la mtaa. Nyie leo kila bibi harusi na gauni lake, tena anabadilisha mara tatu kabla keki haijakatwa. Kwetu sisi, akina mama wa ua ule walichangiana wakanunua kitambaa cheupe cha kung'aa, fundi akashona gauni moja refu, la mikono mirefu, lenye nafasi ya kupunguzwa na kuongezwa kiunoni. Kila msichana wa mtaa aliyeolewa kanisani alivaa lile. Mwembamba wanalibana kwa pini, mnene wanalifungua mshono. Likitoka harusini linakuja kwa dobi, likitoka kwa dobi linaingia kwenye sanduku la Shangazi Marta, linalala na majani ya mkaratusi mpaka harusi nyingine. Mzee Athumani alikuwa halishikishi mtu. Alilifua peke yake miaka yote.

Mwaka ule mgongo wake ukamlaza kabisa, na harusi iliyokuwa inakuja ilikuwa ya Yuditi. Yuditi ndiye aliyekuwa rafiki yangu mtaani. Msichana wa Matembwe, mcheshi, mrefu, alikuwa akilea watoto kwenye nyumba moja ya Wazungu, na alipanga chumba cha pili kutoka kwetu. Alikuwa anaolewa na Enoki, kijana wa Kikinga aliyekuwa na kibanda cha biashara sokoni. Kijijini kwao Yuditi hakuna msichana aliyewahi kuolewa na gauni jeupe. Baba yake, mpasua mbao, alikuwa ameshatangaza Matembwe nzima kwamba binti yake ataingia kanisani amevaa nyeupe mpaka chini, na wazee walikuwa wanakuja kwa miguu kuona kama ni kweli. Yuditi aliniambia, "Lea, baba hajawahi kujivunia mimi mbele za watu. Hii ndiyo mara yake ya kwanza." Alilisema akicheka, lakini macho hayakuwa yanacheka.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumatano Shangazi alinikabidhi gauni, kwani lilikuwa limekaa sandukuni muda mrefu likaingia umanjano. Akanishika mkono, akasema, "Sasa tutaona kama wewe ni dobi."

Nguo nyeupe tulikuwa tunazichemsha. Mzee Athumani alikuwa na chungu kikubwa cha shaba kwa kazi hiyo, lakini kilikuwa kimetoboka, kiko kwa fundi. Nikaona, mimi mjanja, nichemshe kwenye nusu ya pipa la chuma. Nikalisugua likang'aa. Nikatia maji, sabuni, gauni, nikawasha moto uani. Manyunyu yakaanza. Majivu yakawa yanaruka, na masizi. Nikatafuta kifuniko. Kando ya njia wapasuaji wa miwati walikuwa wameacha magome, mapana, mazuri, yamekunjika kama vigae. Nikayachukua, nikayapanga juu ya pipa yakafunika barabara. Nikajipongeza! Nikaingia ndani kupiga pasi shati za karani, naimba.

Baada ya muda nikatoka nikafunua.

Wajukuu zangu, maji yalikuwa meusi. Si ya kijivu, meusi kama wino wa shuleni. Nikaingiza fimbo nikanyanyua gauni, likatoka limefanana na mwavuli wa mchungaji. Na mbele, pale kiunoni, lilipokuwa limeelea likagusa gome lenyewe, palikuwa na doa la kahawia la upana wa kiganja. Nikakaa kwenye matope vile vile.

Nililificha ndani ya beseni, nikafunika, nikakimbilia kwa Mzee Athumani. Alikuwa amelala kifudifudi, mkewe anamkanda mgongo kwa mafuta. Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Akauliza, "Pipa la chuma?"

"Ndiyo, babu."

"Na magome ya miwati?"

"Ndiyo."

"Lahaula! Binti, gome la muwati ndilo wanalogeuzia ngozi kuwa kiatu. Likitoa maji yake yakakutana na chuma, huo ndio wino wenyewe. Hata ungekusudia usingepatia vizuri hivyo." Nikaanza kulia. Akaniacha nilie kidogo, halafu akasema dawa ipo: malimau mengi, chumvi, na jua kali. Unalilowesha, unalianika juani, likikauka unalowesha tena, mpaka weusi uchoke. "Ila kwanza," akasema, "mwenye nguo umeshamwambia?"

Nikasema nitamwambia. Nilikuwa nadanganya, na yeye alijua.

Jioni ile Yuditi alikuja, amebeba kikombe cha uji wa ulezi kwa ajili yangu. "Haya dobi, gauni langu linaendeleaje?"

"Liko kwenye wanga," nikasema. Hata sikumtazama.

Malimau Njombe yalikuwa adimu, baridi haiyataki. Lakini misheni ya Uwemba kulikuwa na miti miwili imekingwa na ukuta, inazaa. Alhamisi nikaamka mapema, nikaenda kwa miguu. Mimi Mlutheri mzima nikapiga hodi kwa Wakatoliki, nikamkuta sista mmoja anayehusika na jiko. Nikamwambia nina mgonjwa anahitaji malimau kikapu kizima. Akauliza anaumwa nini. Nikasema, "Amekuwa mweusi, Sista." Akanitazama usoni, akaingia ndani, akaleta kikapu kimejaa na kipande cha mkate. Aliniahidi kumwombea mgonjwa. Nadhani aliomba kweli.

Nimerudi jioni miguu imevimba, nikalikamulia gauni malimau na chumvi. Weusi ukaanza kulegea mbele ya macho yangu, ukawa kijivu. Nikaruka kwa furaha! Ila jua ndilo lililokuwa tatizo. Mtaa wetu ulikuwa na ukungu hata huoni bomba. Ndipo Yuditi akatokea tena.

"Vipi, limekauka?"

"Linakauka," nikasema.

"Kwenye ukungu huu? Kweli wewe ni fundi." Akanipiga begani, akaondoka. Nikajisikia vibaya sana. Nilitaka kumwita. Nikajiambia kesho likitakata, kuna haja gani ya kumtia mwenzangu hofu? Hivyo ndivyo uongo unavyojipamba jamani, unajiita huruma.

Jua nilijua liko wapi. Kila baada ya wiki mbili nilikuwa napanda lori kwenda Makambako kuchukua mashuka ya nyumba moja ya wageni, maana pale njia panda wasafiri walilala wengi. Makambako ina upepo! Ule upepo hauanzi wala hauishi, unavuma tu kama umeajiriwa. Shuka nzito saa moja imekauka, na usipofunga vizuri utaifuata hadi kwenye mahindi ya watu. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi nikawa juu ya lori, nimekaa juu ya magunia ya viazi, gauni kwenye beseni mapajani, limelowa malimau. Shangazi nilimwambia naenda kwa mashuka.

Saa tatu nimefika. Jua hilo, kweupe! Nikalitandaza kwenye majani nyuma ya ile nyumba ya wageni, nikalibana kwa mawe pande zote. Nikalowesha, likakauka. Nikalowesha, likakauka. Wapishi wakatoka kuja kunitazama. Mmoja akauliza, "Dada, unapika au unafua?" Nikamwambia aende akachome vitunguu vyake. Mchana kijivu kikaondoka kwenye mikono. Saa nane kikaondoka kwenye pindo. Saa tisa lori likapiga honi, na gauni lilikuwa jeupe, jeupe kabisa, jeupe kuliko lilivyotoka sandukuni!

Isipokuwa lile doa la kiunoni. Kahawia ya gome lenyewe haikusogea hata kidogo. Nimesugua mpaka ngozi ya vidole ikachubuka na limau likaingia kwenye vidonda, nikawa napiga kelele na kusugua. Doa likanitazama tu. Honi ikapigwa tena. Nikalikunja, nikapanda.

Njia nzima kurudi nilikuwa naona mambo mawili tu: wazee wa Matembwe wakinyoosha shingo kanisani, na Shangazi akifunga mzigo wangu.

Jumamosi asubuhi nikalipiga pasi. Nilipiga vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kupiga. Kisha nikalikunja juu ya mikono miwili, nikavuka ua kwenda chumbani kwa Yuditi. Alikuwa peke yake, wamemsuka tayari, amekaa kwenye kigoda. Sikusubiri anikaribishe.

"Yuditi, nimeharibu gauni lako. Tangu Jumatano. Nililichemsha na magome likawa jeusi, nikakudanganya liko kwenye wanga, nikakudanganya linakauka. Nimelisafisha ila hapa. Tazama. Hapa limenishinda."

Nikalifungua. Akalitazama doa. Akaligusa. Kisha, hamtaamini, akaanza kucheka.

"Kumbe limetakata hivi!" akasema. "Mimi nilijua nitaolewa na nyeusi!"

Nikamwuliza amejuaje.

"Alhamisi ulipokwenda sijui wapi, nilikuja kibandani kukuletea ugali," akaniambia. "Nikafunua beseni nikidhani ni maji ya kunawa. Nikaliona. Nilikaa pale pale nikalia, Lea, nililia sana. Nikataka kwenda kwa shangazi yako. Nikafika mlangoni, akaniuliza, 'Gauni liko wapi, mbona dobi haonekani?' Nikamwambia liko kwangu, nalipunguza kiuno."

"Kwa nini?"

"Ningesema, ungekuwa uko kwenu unachimba viazi. Na nani angelisafisha?" Akajifuta macho, sijui ni machozi ya kucheka au ya nini. "Ila jioni ile nilikuja makusudi nikakupa nafasi uniambie, ukasema linakauka. Hilo ndilo lililoniuma, si gauni."

Siku tatu nzima nilikuwa namdanganya mtu ambaye alikuwa anawadanganya watu wote kwa ajili yangu. Nikapiga magoti pale chini nikamshika miguu. Akasema niinuke, namkunjia khanga, na mpambe wake ni mimi, kwa hiyo nikae nifikiri doa tunalifanyaje.

Tukapata jibu kwenye maua. Tulichuma bondeni maua meupe makubwa, tukafunga shada nene kuliko kawaida. Yuditi akalishika mbele, chini ya kifua kidogo, doa likafunikwa sawasawa. Akaingia kanisani amenyooka. Wazee wa Matembwe wakasimama wote. Baba yake alikuwa amevaa koti la kuazima linalomzidi, akageuka nyuma kuangalia watu wanavyoangalia, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekabidhiwa nchi. Yuditi alimwona. Hapo ndipo nililia kuliko wote, watu wakadhani ni mapenzi ya mpambe.

Basi mambo yakaenda vizuri hadi mchungaji aliposema washikane mikono. Hatukuwa tumefikiria hilo! Kawaida mpambe anapokea maua, anarudi nyuma. Yuditi akanigeukia, macho yamemtoka. Nikapokea shada. Lakini badala ya kurudi nyuma, nikasogea mbele, nikanyoosha mkono, nikalishika pale pale mbele ya tumbo lake. Mchungaji akanikazia macho. Enoki akanikazia macho. Nikatazama madhabahu kama mtu anayejua anachofanya. Wakashikana mikono juu ya maua, wakaapa, pete zikavikwa, mimi mkono umechoka, sitoki. Mchungaji akaona afadhali aendelee.

Shangazi aliligundua doa jioni, gauni liliporudi. Nikamweleza mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, kabla hajauliza. Alinigombeza mtaa mzima ukasikia, mpaka Mzee Athumani akatuma mkewe aje kumwombea radhi dobi wake. Lakini mzigo wangu hakuufunga. Nadhani alihofia nikifukuzwa nitamweleza karani habari za ile suruali aliyoisalimia.

Na gauni likaendelea na kazi yake, na doa lake. Kila bibi harusi wa mtaa aliambiwa siri, na kila mpambe alifundishwa kusogea mbele na kushika maua pale. Harusi ya pili, ya tatu, ya nne. Mitaa mingine ikaanza kutazama. Halafu kule juu, upande wa pili wa mji, akaolewa msichana wa watu wenye uwezo, na gauni lake mwenyewe, jipya kutoka dukani, safi, halina hata alama ya kidole. Mimi na Yuditi tulialikwa, tumekaa benchi moja, yeye na mtoto mgongoni. Mchungaji akasema washikane mikono. Mpambe, binti mmoja mrembo simjui hata jina, akapokea maua, akapiga hatua mbele, akanyoosha mkono na kuyashika mbele ya tumbo la bibi harusi, uso umejaa heshima.

Mama mmoja wa benchi la nyuma akamnong'oneza mwenzake, "Ndiyo desturi ya mjini hiyo. Inaleta baraka."

Yuditi alinifinya paja. Alinifinya nisicheke, huku yeye mwenyewe ameshaanza, mabega yanamtikisika na mtoto anatikisika naye mgongoni. Tulitolewa nje na mzee wa kanisa, wanawake wazima wawili, tukaenda kukaa kwenye majani tukacheka mpaka ibada ikaisha.